Farasi wa Maji wa Kimaka

Niliposikia kwamba Shehe Sulaimani amefariki, nilifunga duka langu la dawa za mifugo hapa Jinja, nikawaambia wafanyakazi wangu waende nyumbani kwa heshima ya mwalimu wangu, nikaendesha gari langu mwenyewe hadi Mbale. Nilifika jeneza likitoka mlangoni. Vijana walikuwa wanasukumana kulitia bega, kila mmoja akitaka thawabu, na mimi kwa mwili wangu huu wa utu uzima nilikuwa nimebanwa ukutani, mpaka sauti moja nene ikasema, "Mpisheni huyo! Huyo ndiye aliyemtoa Shehe ndani ya kitabu akampeleka kwa viboko." Alikuwa Hamuza, mwanafunzi mwenzangu wa zamani, mtu wa Busiu, ambaye sasa ana mashine ya kusaga mahindi na tumbo la mwenye mashine. Nikapata nafasi chini ya jeneza. Lakini baada ya kuzika, tulipokaa kwenye mikeka ya matanga, nilisikia jinsi habari zangu zinavyosimuliwa katika mji ule. Mmoja alisema amesikia kwa mjomba wake kwamba nilipigana na kiboko kwa panga. Mwingine akasema la, aliyepigana ni Shehe, na Twaha alipanda mtini akilia. Wa tatu, mwenye ndevu za juzi, akasema ameipokea kwa mtu mwaminifu kwamba kiboko alisilimu. Hamuza alicheka mpaka kofia ikamwanguka, wala hakusahihisha neno. Ndiyo maana naandika. Mimi ndiye Twaha, mimi nilikuwapo, na mti sikupanda.

Sitawachosha kwa habari za babu zangu. Wapo wanaoandika kurasa nyingi juu ya ukoo kwa sababu wao wenyewe hawakufanya kitu. Mimi nilichonacho nimekitafuta: diploma ya afya ya mifugo kutoka Khartoum, iliyotundikwa mahali ambapo mteja hawezi kukwepa kuiona, miaka ya kazi ugenini, kisha kurudi kwetu, wakati waliobaki walikuwa bado wanalalamika, nikajenga. Wafugaji huniita Daktari. Hawajali tofauti ya diploma na digrii, nami siwasumbui. Yote hayo yalipitia mlango mmoja, na mlango huo ni mwaka niliokaa Mbale nikiwa kijana wa miaka ishirini. Majeshi kutoka Tanzania pamoja na wapiganaji wetu yalikuwa yamemng'oa mtawala wa kijeshi. Viwanda vya Jinja vilinyamaza. Maduka yalibaki na rafu tupu na vioo vilivyovunjwa, na shule yangu iligeuzwa kambi. Mtawala aliyeanguka alikuwa wa dini yetu, kwa hiyo baadhi ya majirani walituhesabu sote kuwa watu wake, hata sisi tuliowahi kuwakimbia askari wake tukiacha viatu nyuma. Hata lugha ilikuwa na hatari. Ukisema Kiswahili sokoni, wanawake walifunika vikapu vyao, maana kwa miaka mingi Kiswahili kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Nikachukua kifurushi changu nikaenda Mbale kwa Shehe Sulaimani, kwa sababu niliambiwa kwamba kwake kuna Kiswahili cha aina nyingine.

Darsa lake lilikuwa katika ghala la ngozi, upande wa viwandani. Kabla ya vita Shehe alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za ng'ombe na mbuzi. Sasa ng'ombe walikuwa wameporwa, na ghala lilibaki na harufu tu, ya chumvi na mafuta ya kale, iliyoingia hata katika kuta. Mpaka leo nikifungua gunia la chumvi ya mifugo dukani kwangu, Kiarabu hunijia mdomoni. Tulikaa juu ya ngozi za mbuzi ambazo hakuna mwizi aliyezitaka kwa kuwa zilikuwa na matundu. Dirisha lilikuwa moja, na mwanga wake ulimwangukia mwenye kusoma. Wengine tulikaa kivulini tukimsubiri akosee. Nyuma ya ghala ulikuwa uwanja mdogo alimopikia Hajjati Zaina, mke wa Shehe, Mgisu wa mlimani, mrefu kuliko mumewe. Alipika ndizi, na siku njema alipika malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, katika mchuzi wa karanga. Sisi Wasoga hatukuyazoea. Hamuza alinitazama nikitafuna kwa mara ya kwanza akasema, "Mleteeni Msoga samaki, anadhani tumempikia uzio." Chai tuliinywa kavu, bila maziwa wala sukari, na Hajjati aliimimina akitia sukari kwa maneno. "Hiki kikombe cha vijiko viwili. Hiki cha vitatu. Twaha, wewe unajisifu sana, chako kimoja."

Kitabu tulichosoma kilikuwa kimoja, kikubwa, cha Kiarabu, kilichochapwa kwa herufi ndogo, na ndani yake walikuwamo wanyama wote ambao wanazuoni wa zama za kati walipata kuwasikia: simba, mamba, nzige, hata ndege anayeishi ndani ya moto. Nimesema kuwasikia. Mwandishi wake aliishi Misri karne nyingi zilizopita, wala hakuandika kwamba tembo yuko hivi. Aliandika: amesema fulani, aliyepokea kwa fulani, kwamba Wayunani wa kale walisema tembo yuko hivi, na amesema mwingine kinyume chake, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Juu ya kila mnyama walikuwa wamepanda watu wengi, mmoja begani mwa mwingine, na mnyama mwenyewe yuko chini kabisa, anapumua kwa shida. Nilisoma sentensi kwa Kiarabu, Shehe akaifasiri kwa Kiswahili, nami nikairudia tafsiri yake mpaka aitikie kwa kichwa. Mwanzoni nilikuwa na haraka ya kuwafikia wanyama, nikawa naruka majina.

"Rudi," alisema Shehe.

"Shehe, nimeisoma yote."

"Umeruka watu watatu. Wamekukosea nini hata uwazike mara ya pili?"

"Labda walikuwa Wagisu," alisema Hamuza kutoka kivulini. "Msoga hawezi kuwaona."

"Rudi," alisema Shehe, wala hakucheka.

Nilirudi, kwa sababu nilikuwa na haja yangu. Chuo kimoja cha Khartoum kilikuwa kinapokea vijana wa nchi jirani kusomea afya ya mifugo, na kijana ambaye shule yake ilikufa katikati hakuwa na njia nyingine ya kuingia isipokuwa ijaza, yaani idhini ya mwalimu anayejulikana kwamba mtu huyu amekisoma kitabu chote mbele yake na anaweza kukisomesha. Jina la Shehe Sulaimani lilijulikana mpaka huko. Nilimwomba siku ile ile niliyofika. Sikuona faida ya kuzungukazunguka. Akanitazama kutoka kofia hadi vidole vya miguu, akasema, "Nitakupa, kwa masharti mawili. Usiruke jina la mtu. Usiongeze lako." La kwanza nililishinda mapema, maana nina kichwa kinachoshika, na hata adui zangu hukubali. La pili ndilo lililotaka kunimaliza. Mwandishi wa Misri aliujua mto Naili mahali unapomalizikia. Mimi nilizaliwa mahali unapoanzia. Nilikulia Kimaka, kwenye ukingo wake, na baadhi ya wale aliowaandika kwa kusikia walikuwa majirani zangu, tena majirani wabaya.

Kwa mamba nilivumilia. Kitabu kilisema kwamba mamba husogeza taya la juu peke yake, nami nikairudia tafsiri kama nilivyoamriwa, nikimeza maneno yangu pamoja na chai kavu. Kisha tukafika kwa yule ambaye Waarabu humwita farasi wa maji. Nikasoma: amesema mmoja kwamba ana manyoya ya shingo kama farasi, na hulia kama farasi. Amesema mwingine kwamba ni katika wanyama wa majini, hutoka kwenda nchi kavu kwa nadra. Amesema wa tatu kwamba mahali anapofika akichunga, hapo ndipo mafuriko ya mto yatakapofika mwaka huo. Nikacheka. Haikuwa dharau, ni kama mtu akuelezee shangazi yako na kusema ana mkia.

"Unamcheka nani?" Shehe aliuliza.

"Shehe, huyu ni kiboko. Kimaka tunamfukuza kwenye viazi kwa kupiga madebe. Hana manyoya ya kumtosha hata panya. Na analia kama mzee anayekohoa ndani ya pipa."

Hamuza alijiziba mdomo kwa kofia. Shehe alikifunga kitabu taratibu, akakiweka mapajani.

"Nimekuuliza habari za Kimaka? Nimekuuliza walisema nini waliotangulia. Umeongeza lako, Twaha. Mara hii nakusamehe kwa sababu ya ujana. Ukiongeza tena, Sudani utaisikia kwenye redio."

Sasa nikiwa mtu mzima namwelewa kuliko nilivyomwelewa pale. Alikuwa ameshuhudia nchi nzima ikiharibiwa na watu walioongeza yao: mtu anasikia neno dukani, analipeleka kambini limeota pembe, na jioni jirani hayupo. Kwake, kutaja nani amesema nini, bila kupunguza wala kuzidisha, ilikuwa ni njia ya kuwaweka watu hai. Lakini kijana wa miaka ishirini hayaoni hayo. Nilichoona ni kwamba nina macho mazuri na natakiwa kuyafunga ili nipate cheti.

Idi ilipokaribia, Waislamu wa Jinja walimwita Shehe awaswalishe, kwa kuwa imamu wao alikuwa amekimbilia mpakani na msikiti umeibiwa hata mabusati. Tukaenda pamoja: Shehe, Hajjati, Hamuza na mimi, na kitabu kimefungwa ndani ya shuka, kwa sababu Shehe hakuweza kulala mbali nacho. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya askari, na katika kila kizuizi askari alifungua shuka, akaziona zile herufi, akaifunga upesi kama aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu. Tulifikia Kimaka, kwa Bi Hadija, dada yake Hajjati aliyeolewa huko na kubaki mjane. Upande ule siku hizi kuna chuo cha maafisa wakuu wa jeshi na nyasi zilizokatwa vizuri. Wakati ule kulikuwa na kambi na woga. Idi tuliswali juu ya magunia. Baada ya swala watu walipeana mikono, wakaulizana habari za waliopotea, kisha kila mmoja akaenda kwake kula muhogo. Nyama haikuwapo. Mji mzima ulikuwa haujaonja nyama tangu mizinga inyamaze, na watoto wa Bi Hadija walikuwa na matumbo makubwa na mikono myembamba, ile hali ambayo baadaye nilijifunza jina lake la kitabuni.

Siku ya pili ya Idi, asubuhi, uwanjani kwa Bi Hadija akaingia sajenti wa kambi, Opio, Mteso mrefu mwenye rozari shingoni na bunduki mgongoni. Tuliokuwa tumekaa tukasimama. Kila mtu alikuwa anafikiria ni nani amemsemea nani.

"Nani mkubwa hapa?"

"Karibu, afande," alisema Shehe. "Ni mimi."

"Bwana shehe, mimi iko na shida. Kiboko moja ilikuwa nakula bustani ya kambi. Leo mimi napiga yeye risasi, amekufa kule kwa maji. Sasa nyama iko mingi, askari yangu hawawezi kumaliza. Nasikia nyinyi nafanya sikukuu na muhogo. Mimi Mkristo, lakini sikukuu na muhogo si sikukuu, hiyo ni matanga. Mnakula hii kitu ama hamkuli?"

Asiyejua mambo yetu ataliona swali hilo jepesi. Mnyama wa nchi kavu, kwa Waislamu wa kwetu, hana budi kuchinjwa na Mwislamu kwa jina la Mungu. Akifa kwa risasi ya mtu mwingine ni nyamafu, haramu. Lakini mnyama wa majini, kama samaki, hahitaji kisu. Kwa hiyo shida yote ya sajenti, na njaa yote ya Kimaka, iliishia katika jambo moja: kiboko ni wa majini au ni wa nchi kavu? Shehe akaagiza kitabu. Kilifunguliwa juu ya kinu kilichopinduliwa, na kabla hajapata ukurasa, uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walikuja na masufuria. Walisema wamekuja kumsikiliza Shehe, lakini walikuja na masufuria.

Alisoma yote, jina kwa jina, hakumruka mtu, na jua likipanda. Alimsoma mwenye manyoya na mlio wa farasi. Alimsoma aliyemtia katika wanyama wa majini. Akapima, kama alivyozoea kupima ngozi, akitazama huku na huku. "Aliyemfananisha na farasi yuko peke yake," alisema mwishoni. "Wengi wa waliotangulia wamemhesabu katika viumbe vya majini, hutoka kwa nadra. Basi ni wa majini, na nyama yake ni kama ya samaki. Afande, Mungu akulipe. Kuleni."

Vigelegele vilipanda. Bi Hadija alikuwa ameshaanza kunoa kisu kwenye jiwe. Nami nilikuwa na njaa kama wao. Nilikuwa nimekwisha sikia harufu ya mafuta ambayo bado hayajawekwa motoni. Najua pia Sudani ilikuwa wapi wakati ule: ilikuwa nyuma ya meno yangu. Ningeyabana, ningefika. Lakini mwalimu wangu, mtu niliyemheshimu kuliko wote walio hai, alikuwa anawahukumia watu juu ya mnyama ambaye hakuwahi kumwona, mbele ya mtu aliyemwona maisha yake yote, na mtu huyo ni mimi. Watu wengine wangenyamaza na kujiita wenye adabu. Mimi sikuumbwa hivyo, na sijawahi kujuta.

"Shehe," nilisema, "hatoki kwa nadra. Hutoka kila siku jua likizama. Chakula chake chote anakila nchi kavu. Majini anajificha jua tu."

Vigelegele vikakatika. Hamuza, aliyekuwa nyuma yangu, alinifinya ubavu akanong'ona, "Sudani, we mwehu! Sudani!" Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Twaha, si ungekumbuka hayo tukishashiba?"

Shehe hakunikemea. Uso wake uliingia ubaridi nisiousahau. "Nani amekusimulia?"

"Hakuna aliyenisimulia. Nimeona."

"Wewe na nani?"

"Mimi na kila aliyewahi kulima Kimaka."

Akawageukia wanawake. "Ni kweli asemayo?" Wakatazama masufuria yao. Hakuna aliyejibu, kwa sababu kila jibu lilikuwa na uzito wa ratili kadhaa za nyama. Sajenti Opio alitutazama sote kama mtu aliyeingia katika ugomvi wa mume na mke. Mwishowe Bi Hadija akakiweka kisu chini.

"Viazi vyangu," alisema, "havikuliwa na samaki, Shehe."

Moto ukazimwa. Shehe alimwomba sajenti ampe mpaka kesho. "Mimi natia nyama kwa moshi," alisema sajenti. "Kesho mnaamua. Lakini bwana shehe, kiboko hajui kusoma. Yeye najua viazi tu." Siku ile yote hakuna aliyenisemesha. Watoto wa Bi Hadija walinitazama kama mwizi, na Hajjati aliponipa chai hakutaja kijiko hata kimoja.

Baada ya swala ya alfajiri Shehe alinigusa bega. "Nionyeshe." Tukashuka mtoni, yeye, Hamuza na mimi, tukasimama nyuma ya kichuguu, upande ambao upepo haukuwa unatusaliti. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Kisha wakaja kutoka mashambani, nyuma yetu mkono wa kulia, wanashuka kurudi mtoni: jike mbele, mwanawe ubavuni, dume nyuma, na dume lilikuwa na shina la kiazi linaloning'inia mdomoni kama ushahidi mahakamani. Ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyetu. Shehe Sulaimani, aliyemsoma mnyama yule tangu ujana wake, aliyefundisha sura yake kwa wanafunzi wasiohesabika, alikuwa hajawahi kumwona. Alishika kichuguu kwa mikono miwili.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Manyoya ya shingo?"

"Hana, Shehe."

Akangoja. Nilijua anangoja nini: anangoja mlio. Dume liliingia majini, likapuliza pua, likatoa ule mcheko wake mzito unaogonga ng'ambo na kurudi. Hamuza, ambaye hawezi kunyamaza hata kaburini, akasema, "Shehe, farasi amekusalimu." Shehe akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Alicheka huku machozi yanamtoka, akisema "Subhanallah, subhanallah," na kofia yake mkononi. "Miaka yote hii tunajuana kwa majina," alisema, "na leo ndiyo kwanza tunaonana. Maskini bwana yule wa Misri! Angeuza kilemba chake asimame hapa."

Nikajiona nimeshinda. "Basi tuifute ile sentensi, Shehe, ya manyoya, na ile ya nadra."

Cheko likamwisha. "Utafuta nini? Aliyesema hakudanganya. Alisema 'nimesikia,' na kweli alisikia. Mwongo ni yule asemaye 'nimeona' naye hakuona. Ukimfuta aliyekosea, watakaokuja hawatajua kosa lilikuwa wapi, watalikosea upya." Akavaa kofia yake. "Twende. Watu wana njaa."

Uwanja ulikuwa umejaa tena, na sajenti alikuwa amekwisha leta nyama, vipande vyeusi vya moshi ndani ya beseni. Shehe alisimama akasema wazi, mbele ya wote, kwamba jana alihukumu kwa kusikia na leo ameona; kwamba mnyama huyu hula nchi kavu, hakuchinjwa, na kwa hiyo si kama samaki; kwamba wapo wanazuoni watakaosema vingine. "Lakini dini haikuja kuua watu. Mwenye njaa ya kweli, ambaye hana kitu kingine, na ale kwa dharura. Mwenye chochote nyumbani, aache."

Hakuna aliyesogea. Mgeni angeshangaa, mimi sikushangaa, maana nawajua watu wetu. Nani atatoka mbele ya majirani, siku ya Idi, aseme kwa miguu yake kwamba nyumbani kwake hamna kitu? Mwanamke aliyenikemea jana alisema kwamba yeye ana maharage tele. Mwingine akasema kwao wanatarajia mbuzi. Uongo huo wa heshima ukapita kutoka mdomo hadi mdomo, na watoto wamesimama wanalitazama beseni. Shehe aliwatazama. Kisha yule mtu, mfanyabiashara wa ngozi, mwenye ghala Mbale, ambaye kila mmoja pale alijua kwamba amekuja na gunia la ndizi, akanyoosha mkono.

"Mimi ni mwenye njaa," alisema. "Hajjati, nipe sahani."

Hajjati alimpa. Akakaa chini, akataja jina la Mungu, akala kipande cha kwanza mbele ya mji mzima. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na aibu tena. Masufuria yalifunguka kote uwanjani. Sajenti Opio akatikisa kichwa. "Kumbe mlikuwa mnangoja mzee akule kwanza?" Nyama ilikuwa ngumu, yenye mafuta na ladha ya moshi, na nimekula katika hoteli za Khartoum na Nairobi, sijala tamu kama ile.

Lakini kuhusu ijaza hakusema neno. Hakusema njiani kurudi, wala tulipoendelea na kitabu, mnyama baada ya mnyama, mpaka yule wa mwisho. Nilisoma bila kuruka jina, na bila kuongeza langu, na kila ukurasa nilihisi sharti lake la pili likinisubiri mlangoni. Hamuza alinifariji kwa njia yake: aliniambia Busiu kuna kazi ya kupakia mahindi. Siku ya kuhitimisha, ghala lilijaa wafanyabiashara wa Mbale na wazee wachache waliotoka Jinja. Hajjati alikuwa amepata sukari ya kweli. Mimi nilikaa kwenye mwanga wa dirisha, nimevaa kanzu ya kuazima, nimejiandaa kukataliwa kwa kichwa kilichoinuliwa.

Shehe hakufungua mwisho wa kitabu. Alifungua sura ya farasi wa maji. Akasoma mwenyewe, amesema fulani aliyepokea kwa fulani, bila kumruka mtu: mwenye manyoya, mwenye nadra, mwenye mafuriko. Alipofika mwisho wa maandishi hakunyamaza. Alikifunga kitabu, akaendelea kwa sauti ile ile ya kusomea, polepole, kama mtu anayesoma ukurasa ambao sisi wengine hatuuoni:

"Na amenisimulia Twaha wa Kimaka, naye ni mkweli, mwenye majivuno mengi, kwamba hutoka kila siku kula nchi kavu, na kwamba hana manyoya ya shingo. Kisha nikamwona kwa macho yangu, akawa kama alivyosema. Na Mungu ndiye ajuaye zaidi."

"Mengi!" alirudia Hamuza kutoka kivulini, na ghala zima likacheka.

"Andikeni hivyo hivyo," alisema Shehe. "Msimruke." Kisha akanigeukia, akaniwekea kitabu mapajani. "Haya, Twaha. Umekisoma kwangu chote. Kisomeshe."

Wenzangu wengi walikwenda Sudani kuwatafuta waliotangulia. Mimi nilikwenda nikiwa tayari mmoja wa hao waliotangulia.